Nani Anamsubiri Mtoto Ajibu? Daftari la safari ya vikaragosi, kuanzia Kibarani

Kibarani

Matatu ikishavuka daraja jipya la Makupa, lililofunguliwa mwaka 2022, abiria ameshaiacha Mombasa ya kisiwani na kuingia Kibarani. Kwa miaka mingi mahali hapa palijulikana kwa pua kabla ya macho. Taka za mji zilimwagwa hapa, kando kabisa ya maji ya bahari, na moshi wake ulikuwa ukitanda juu ya barabara kuu ya Nairobi. Siku hizi jalala limefungwa, udongo umemwagwa juu yake na miti imepandwa. Watu wapo palepale. Vijumba vya mabati vimebanana, kamba za nguo zimepita juu ya vichochoro, na kila kichochoro kina watoto wadogo.

Ni watoto hao walionileta. Kila nchi ninayofika nimezoea kuandika katika daftari moja habari za vipindi vya televisheni vinavyofundisha watoto wa chekechea kwa vikaragosi, viumbe vya sponji na manyoya vinavyosemeshwa na mkono wa mtu aliyejificha. Nataka kujua vinafanya kazi gani hasa, na watoto wa ng'ambo hii ya Makupa wana fungu gani katika kazi hiyo.

Chekechea niliyokaribishwa ni chumba kimoja. Mkeka sakafuni, herufi zimeandikwa kwa rangi kwenye vipande vya katoni. Juu ya kabati kuna televisheni ndogo na king'amuzi kilichofungwa kwa utepe. Tokeni za stima hununuliwa kwa mchango wa wazazi, na zikiisha katikati ya juma, hakuna televisheni mpaka Jumatatu. Stesheni wanayoifungua ni Akili Kids!, ya bure, isiyodai malipo ya mwezi. Ilianza kurusha matangazo mwishoni mwa Machi 2020, shule zote za Kenya zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona. Kwa nyumba nyingi huo ndio uliokuwa mlango pekee wa masomo uliobaki wazi.

Asubuhi ile palikuwa na Akili and Me, kipindi cha katuni kinachotengenezwa Dar es Salaam. Watoto walitulia tuli. Wimbo ulipokuja waliimba. Mhusika aliuliza swali, akanyamaza kidogo. Wepesi wakajibu, wazito wa kusema wakawa bado wanafungua vinywa, na kipindi kikasonga mbele.

Kisha mwalimu akazima televisheni, akatia mkono ndani ya soksi kuukuu ya kijivu iliyoshonwa vifungo viwili vya shati mahali pa macho. Soksi ikapiga chafya. Ikasalimu kwa sauti nyembamba. Ikatangaza kwamba leo itahesabu vidole vya mwalimu, ikaanza: moja, mbili, nne.

"Sivyo!" Chumba kizima kililipuka. "Yuwakosea, ticha! Ni tatu!"

Soksi ikaona haya, ikarudia, ikakosea tena mahali palepale. Mtoto mmoja wa kiume, ambaye tangu nifike hakuwa amesema neno, alisogea mpaka karibu ya mkeka wa mbele akaikamata soksi kwa mkono wake, akaihesabia kidole kimoja kimoja. Alipomaliza hakurudi nyuma. Aliieleza kwamba paka wao amezaa. Mwalimu aliitazama soksi, si mtoto, na soksi ikauliza: wangapi? Mtoto akafikiri. Tukangoja. Ilikuwa kimya kirefu kwa chumba chenye watoto wengi namna ile, na hakuna aliyemharakisha. Watano, akasema, lakini mmoja amekufa.

Niliandika ukurasa mzima juu ya kimya hicho. Kikaragosi kina uwezo ambao mwalimu hana: kinaweza kutojua. Mtoto wa miaka minne amezungukwa na watu wanaojua zaidi yake tangu aamke hadi alale. Akikutana na kiumbe kisichojua kuhesabu mpaka tano, kwa mara ya kwanza yeye ndiye mwalimu. Na ili awe mwalimu, lazima apewe muda wa kujibu. Kuanzia hapo, kila nilipofika, niliuliza swali moja kuliko mengine: nani hapa anamsubiri mtoto ajibu?

Mji wa Kale

Nikavuka tena kurudi kisiwani. Katika Mji wa Kale, nyuma ya Ndia Kuu, kuna nyumba ambazo nyanya bado wanasimulia hadithi baada ya Isha, ijapokuwa simu za wajukuu zinawaka pembeni. Niliketi katika nyumba moja ya namna hiyo, kahawa na kashata mbele yangu. Nyanya alisema "Paukwa!" na hakusema kitu kingine mpaka "Pakawa!" ya mjukuu mdogo kuliko wote ilipotoka. Mjukuu wa kati alikwisha kuitika mara mbili. Haikutosha. Hadithi haikuanza mpaka mdogo aitike.

Kwa hiyo ustadi wenyewe si mgeni Mombasa. Na mji huu umewahi kuutia katika shule kwa namna inayostahili kujulikana kuliko inavyojulikana. Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa Pwani ya Kenya walimwomba Aga Khan awasaidie watoto wao, waliokuwa wakiingia darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao. Mwaka 1986 mradi wa chekechea za madrasa ulianza hapa Mombasa chini ya Bi Swafiya Said, mwalimu ambaye jina lake lingefaa kuwa juu ya mlango wa shule nyingi. Hawakuagiza vifaa vya mbali. Walimu waliotoka katika mitaa ileile walifundishwa kutumia vifuu, makumbi, vifuniko vya chupa, mabaki ya vitambaa na wanasesere wa kushonwa kwa mkono. Chumba kiligawanywa kona: kona ya nyumba, kona ya vitabu, kona ya kujenga. Mtoto alichagua kona, akacheza, kisha akasimulia alichofanya, na mtu mzima akamsikiliza. Dua na hadithi za pwani ziliingia humo humo.

Mradi ukavuka hadi Zanzibar, kisha Uganda. Mwaka 2008 watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha uchunguzi walioufanya katika nchi hizo tatu: watoto waliopitia chekechea waliwapita waliobaki nyumbani, na waliopitia chekechea za madrasa waliwapita wa chekechea nyingine. Hapakuwa na televisheni katika mpango huo. Palikuwa na mwalimu aliyefunzwa kuuliza na kungoja. Mpwani yeyote anayetaka kusema habari za kuelimisha watoto kwa vikaragosi aanze na ushahidi huu wa nyumbani, ndipo aende ng'ambo.

Dar es Salaam

Dar nilikwenda kwa sababu kipindi walichokitazama watoto wa Kibarani kimetoka huko. Shirika la Ubongo lilianzishwa mwaka 2013. Mwanzoni mwa 2014 lilianza kurusha Ubongo Kids, kwa watoto wa shule ya msingi, na baadaye likaja na Akili and Me kwa wale wa miaka mitatu hadi sita. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Akilala huingia nchi ya ndoto yenye marafiki wanyama, na humo ndimo wanamojifunza namba, herufi na kuchora. Hivi si vikaragosi vya kushikwa mkononi, ni michoro ya kompyuta. Sababu haihitaji mchumi kuieleza: katuni inaweza kusemeshwa Kiswahili leo, Kiingereza kesho, Kihausa keshokutwa, bila kumwita fundi wa kikaragosi studioni upya.

Katuni zao zina kile kimya kidogo nilichokiona Kibarani. Mhusika huuliza, hutazama moja kwa moja upande wa mtoto, hunyamaza, kisha husifu. Vipindi vya Marekani vilianza kutumia mbinu hiyo sana tangu Blue's Clues ya 1996. Naipenda, na inasaidia. Lakini kile kimya kina kipimo kimoja kwa watoto wote, na sifa inakuja hata kama mtoto amejibu saba pale palipotakiwa nne, au hakujibu kabisa. Yule wa paka asingefikiwa nacho.

Tanzania ilikuwa na vikaragosi vyenyewe pia. Kilimani Sesame, tawi la Kitanzania la Sesame Street, lilifundisha kusoma, kuhesabu, na kujikinga na malaria. Dina Borzekowski na Jacob Macha waliwafuatilia watoto 223 wa Kisarawe na Dar es Salaam kwa majuma sita, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Kilichonishika katika utafiti huo ni hiki: mtoto kuwekwa mbele ya kipindi hakukuwa mwisho wa habari. Waliofaidika zaidi katika kusoma, hesabu, afya na tabia njema ni wale waliokipokea hasa, waliowajua wahusika na kuyashika yaliyosemwa. Mtoto hajui kikaragosi kwa kukiona mara moja kikipita. Anakijua akiulizwa habari zake jioni, akikiimba, akikichora, akiona kwamba na mama anakijua.

Muscat

Hapa sikukaa sana, lakini nilipata jambo ambalo sikulipata penginepo. Mwaka 1979, taasisi ya pamoja ya nchi za Ghuba iliyokuwa Kuwait ilianza kurusha Iftah Ya Simsim, kipindi cha vikaragosi kilichosema Kiarabu fasaha, kile ambacho kila nchi ya Kiarabu inakielewa na hakuna nchi inayokisema jikoni. Numan, kiumbe mkubwa, na kasuku Malsun wakawa wageni wa kila nyumba kutoka Ghuba hadi Maghrebi. Uvamizi wa Kuwait wa 1990 ndio uliokikata, na hakikurudi mpaka 2015, safari hii Abu Dhabi.

Sasa wakumbuke Waomani waliotoka Zanzibar, waliorudi baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Nyumbani walisema Kiswahili. Mzee mmoja aliyezaliwa Unguja aliniambia, kwa Kiunguja ambacho miaka hamsini ya Muscat haijakigusa, kwamba alikuwa akikaa mkekani na wanawe saa ya kipindi kwa sababu na yeye alikuwa mwanafunzi. "Kurani nimeisoma chuoni tangu mdogo, mwanangu, lakini kusema Kiarabu, ulimi ulikuwa mzito. Numan akiuliza, tunajibu sote. Wao wakanipita." Watoto wake walijifunza lugha ya shule kutoka kwa kikaragosi, na walikijadili kikaragosi kwa lugha ya mama. Baba alikuwepo, naye hakuona haya kukosea mbele yao. Nadhani hakuna utafiti uliomhesabu baba huyo.

Johannesburg

Takalani Sesame ilianza mwaka 2000 katika televisheni ya taifa ya Afrika Kusini, ikichanganya lugha kadhaa za nchi ndani ya kipindi kimoja. Mwaka 2002 iliingiza mhusika mpya: Kami, kikaragosi cha kike chenye rangi ya haradali, mtoto wa miaka mitano, yatima, anayeishi na virusi vya UKIMWI. Wakati huo walikuwapo watu wazima wa Afrika Kusini waliokataa kukaa karibu na mgonjwa. Kami alicheza na wenzake, walimkumbatia, alimlilia mama yake. Mwaka uliofuata UNICEF ilimfanya balozi wa watoto, na baadaye alionekana pia katika kipindi cha Nigeria.

Huko Marekani wapo wabunge walioingiwa na wasiwasi waliposikia habari zake. Mimi nasema kazi ya Kami ni kubwa kuliko kazi yoyote ya alfabeti niliyoiandika katika daftari hili. Katika nyumba yenye msiba usiotajwa, mtoto hana wa kumuuliza. Kikaragosi kilitaja kwanza, na mtoto akapata pa kuanzia. Watu wa Kibarani nao wana mambo yao yasiyotajwa mbele ya watoto: baba aliyepotelea ulevini, kaka aliyeingia genge la vijana wenye mapanga, dada aliyeacha shule. Mwalimu wa soksi aliniambia kwamba hayo yote watoto huiambia soksi, si yeye.

Berlin

Sandmännchen, kijibabu chenye ndevu na kofia ya ncha, kilionekana kwa mara ya kwanza katika televisheni ya Ujerumani Mashariki tarehe 22 Novemba 1959. Siku chache baadaye Ujerumani Magharibi nayo ikaanza kurusha wa kwake. Nchi zilipoungana, aliyebaki ni yule wa Mashariki, na mpaka leo huja kila jioni kabla ya watoto kulala: anafika kwa chombo fulani, analeta hadithi fupi, anamwaga mchanga wa usingizi, anaondoka. Ni mwanasesere anayesogezwa kidogo, anapigwa picha, anasogezwa tena, mpaka picha zikipitishwa kwa kasi aonekane anatembea. Mwanaanga Sigmund Jähn alikwenda naye angani mwaka 1978.

Hafundishi hesabu. Nilichokipenda ni saa. Familia inajua kwamba saa hiyo televisheni ni ya mtoto, mtu mzima anakaa naye, na kipindi kikiisha kifaa kinazimwa. Kwetu, nilikoona televisheni ikiachwa wazi tangu taarifa ya habari ya asubuhi mpaka tamthilia ya usiku, mtoto hutazama kila kitu na hakuna anayetazama pamoja naye.

Astoria, New York

Chanzo cha vingi vya vipindi hivi ni kimoja. Sesame Street ilianza tarehe 10 Novemba 1969. Joan Ganz Cooney, mtengenezaji wa vipindi, na Lloyd Morrisett wa shirika la Carnegie walitaka kujua kama televisheni, iliyokuwa tayari imeingia katika nyumba za maskini wa Marekani, ingeweza kuwaandaa watoto hao kwa shule. Walipata dola milioni 8, karibu nusu yake kutoka serikalini. Vikaragosi vilitoka kwa Jim Henson. Studio iko Astoria, mtaa wa Queens, na jirani yake kuna jumba la makumbusho la sinema lenye maonyesho ya kazi za Henson tangu 2017. Nilizunguka humo nikiwaza juu ya mafundi wetu wa cherehani.

Kwa sababu ukivitazama kwa karibu, ni ushonaji. Sponji imekatwa, ikafunikwa kitambaa laini, mshono umefichwa kwenye manyoya. Kidole gumba ni taya la chini, vidole vinne ni taya la juu; vijiti vyembamba vinainua mikono. Wachezaji wengi hutumia mkono wa kulia kwa kichwa, ndiyo maana vikaragosi vingi vya Henson ni vya mashoto. Big Bird, ndege wa manjano mwenye kimo cha karibu mita mbili na nusu, alichezwa na Caroll Spinney tangu 1969 hadi 2018. Spinney alisimama ndani ya ndege, mkono mmoja juu kabisa ndani ya kichwa, na kwa kuwa hakuona nje, kifuani alifungiwa televisheni ndogo iliyomwonyesha kile ambacho kamera inaona.

Big Bird hakuwemo katika mpango wa kwanza. Wataalamu wa saikolojia walikuwa wameshauri vikaragosi visichanganywe na watu, mtoto asije akachanganyikiwa. Julai 1969 vipindi vya majaribio vilionyeshwa kwa watoto wa Philadelphia, na watafiti wakaona kwamba kila picha iliporudi mtaani kwa watu wazima, watoto waligeuza macho. Cooney na wenzake wakaamini macho ya watoto kuliko ushauri wa wataalamu. Henson akatengeneza Big Bird, anayekosea kama mtoto wa miaka sita, na Oscar, mkaa ndani ya pipa la taka. Watu wazima wa mtaani wakapata wa kuzungumza naye na wa kumsubiri ajibu.

Mbele ya Oscar nilisimama muda mrefu. Mtaa wenyewe ulijengwa ufanane na mitaa ya weusi na wahamiaji wa New York, ngazi za mbele, mapipa kando ya njia, duka la kona. Mtoto wa mtaa huo alifungua televisheni akaona kwao, na uchafu wa kwao una jina na una mwenyewe anayeheshimiwa. Mwaka 1970 tume ya televisheni ya jimbo la Mississippi ilikipiga kipindi marufuku kwa sababu weusi na weupe waliishi pamoja humo. Baada ya majuma machache tu ikalegeza. Hivyo ndivyo mandhari ilivyokuwa na nguvu. Nikafikiria watoto waliozaliwa kando ya jalala la Kibarani, ambao kila kipindi kizuri walichokitazama kimetokea chini ya mlima wasioujua au katika bustani ya nchi ya baridi. Kwao kuna mikoko, kuna kaa wanaochimba tope, kuna meli na makontena yanayopita, kuna miti michanga iliyomea juu ya taka. Hiyo ni mandhari tosha.

Je, vinafaa kweli? Mwaka 2013 Marie-Louise Mares na Zhongdang Pan walikusanya matokeo ya uchunguzi wa watoto zaidi ya 10,000 katika nchi 15, na wakakuta faida iliyo wazi katika herufi, hesabu, afya, kuujua ulimwengu na kuwapokea wasiofanana nao, katika nchi tajiri na maskini. Wanauchumi Melissa Kearney na Phillip Levine walitumia njia nyingine. Mwaka 1969 kiasi cha theluthi moja ya Wamarekani waliishi mahali ambapo mawimbi ya kipindi hayakufika vizuri. Walipolinganisha maeneo, waliona kwamba watoto waliopata mawimbi waliendelea shuleni bila kurudia madarasa kwa wingi zaidi kuliko wasiopata. Kwa lugha ya Kibarani, tokeni na king'amuzi ni suala la elimu.

Cooney alisisitiza jambo moja lililosahauliwa na walioiga baadaye. Waliweka mizaha ya wakubwa na waimbaji mashuhuri kwa makusudi, ili mzazi naye akae atazame. Walijua kwamba mtoto anayetazama na mtu wa kuzungumza naye hujifunza zaidi. Kuanzia 2016, kwa miaka kadhaa, vipindi vipya vilionyeshwa kwanza kwa wanaolipia HBO, na televisheni ya umma ikavipata miezi tisa baadaye. Walihitaji fedha, naelewa. Lakini kipindi kilichozaliwa kwa ajili ya maskini hakikustahili kuwafikia maskini baada ya wengine wote.

Nairobi

Kituo cha mwisho kilinionyesha kwamba kinachokosekana kwetu si ufundi. Katika miaka ya 1990, vikundi vya vikaragosi vya Kenya vilizunguka masokoni na viwanja vya shule vikifundisha habari za UKIMWI na uzazi wa mpango. Mwaka 2009 mchoraji Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alianzisha The XYZ Show katika Citizen TV, vikaragosi vya mpira vyenye sura za wanasiasa, na nchi nzima ilivitazama. Mikono iliyoweza kumfanya rais wa mpira akunje uso inaweza kumfanya kaa wa sponji ashindwe kuhesabu miguu yake. Wapo wachongaji, wapo washonaji, wapo wenye sauti. Katika yote niliyoonyeshwa Kibarani na Mji wa Kale, sikuona kikaragosi hata kimoja cha televisheni kinachosema kama wanavyosema watoto wa Mombasa.

Sitaki tungoje dola milioni 8. Pakistan ilikuwa na Sim Sim Hamara, Sesame Street ya huko, nzuri, iliyotegemea fedha za Marekani. Mwaka 2012 fedha zilikatwa. Zanzibar ilifanya kwa kiasi chake: Tucheze Tujifunze, mafunzo ya redio kwa watoto wadogo tangu 2006, ambapo sauti ya redio inauliza, inanyamaza, na mlezi aliyekaa na watoto anakamilisha. Redio haina sura ya kikaragosi, ila mlezi anaweza kuwa nacho mkononi. Soksi mbili, redio moja na mtu mzima aliyefunzwa vinatosha kuanza.

Katiba ya Kenya ya 2010 imeipa kila kaunti jukumu la elimu ya chekechea. Kwa hiyo ombi langu haliendi mbali. Kaunti ya Mombasa iwakutanishe walimu wake wa chekechea na wale waliolelewa katika mpango wa Bi Swafiya, na mafundi wa vikaragosi kutoka Nairobi waje wafundishe hapa, kisha pawepo vikaragosi viwili au vitatu vya Pwani vyenye majina, makao na Kimvita chao. Stesheni za redio za Mombasa, Pwani FM ya KBC ikiwa mbele, zivipe nusu saa kila asubuhi, na televisheni za bure zivipokee baadaye. Chumba cha mabati kipewe tokeni za stima kama kinavyopewa chaki. Walimu wa soksi walipwe mishahara kwa wakati, maana wao ndio kipindi chenyewe.

Na wewe msomaji mwenye mtoto wa miaka minne nyumbani: leo jioni keti naye kipindi kizima, na kikaragosi kikiuliza, usimjibie.